Kadi ya Safari na Pesa ya Njia

Wanawake wa soko hapa Butembo huniuliza kama ile kadi ya benki inafaa kuchukuliwa. Wananiuliza mimi kwa sababu nilikuwa wa kwanza kati yetu kuwa nayo, na wanajua sina tabia ya kumdanganya mtu ili afurahi. Mimi ni mtu wa hasira. Nimewahi kumrushia mteja kiatu kwa kunipotezea muda, na kilikuwa kiatu cha kisigino kirefu. Swali lao linanipandisha hasira pia, lakini leo nitalijibu lote, hata ile sehemu ambayo watoto wangu hawajaisikia.

Nauza viatu. Mara mbili kwa mwaka nakwenda kuvinunua China: gari mpaka Beni, gari tena mpaka mpakani Kasindi, kisha Uganda, na huko ndiko kwenye ndege. Kwetu anayesafiri hasafiri kwa ajili yake peke yake. Wenzako wanakukabidhi pesa zao uwanunulie na wao, bila karatasi yoyote, nawe unazishonea zote ndani ya mkanda wa kitambaa na kuufunga kiunoni, chini ya kitenge. Kwa miaka mingi nilipita na pesa za watu tumboni kwenye barabara ambayo pembeni yake kuna magari yaliyochomwa na misalaba ya miti.

Mume wangu alinisindikiza mpaka mpakani kila safari, halafu akarudi peke yake. Yeye ndiye aliyebeba pesa ya njia. Kila msafiri wa huku anaijua: ni noti unazozitenga kwa ajili ya wenye silaha, si nyingi za kuwatia tamaa, si chache za kuwaudhi. Alizikunja ndani ya kipande cha nailoni, akazitia mfuko wa kushoto wa shati na kufunga kifungo. Mara mbili tulisimamishwa. Mara zote mbili alizitoa kwa mikono miwili, macho chini, wakatuacha tupite. Mimi, ningekuwa na kisu, sijui ningefanya nini.

Kisha karani wa benki, kijana wa tai nyekundu, akaniita ofisini kwake kunionyesha kadi nyeusi ya wafanyabiashara wanaosafiri. Unalipa nayo kule kiwandani, benki inatoa, nawe unairudishia hapahapa Butembo. Hubebi kitu kiunoni. Kila ununuzi unakuongezea pointi, na pointi zikitimia unapewa tiketi ya ndege ya bure, ya mwenzako. Kwenye uwanja wa ndege unaingia chumba cha viti laini na kula bila kulipa. Bima imo humo humo. Ada ya mwaka ilikuwa bei ya balo mbili nzima za viatu.

"Punguza," nilimwambia.

"Mama, huku hapana soko," alijibu. "Prix ni ya système." Yaani bei imepangwa na mashine, haipunguzwi.

Nilirudi nyumbani natukana. Mume wangu alikuwa anakula, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: kama ni kweli kuhusu ile tiketi ya mwenzako. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuuona mji ambao viatu vyote hivi vinatoka, na alikuwa anaona aibu kuisema. Kwa sababu ya ile aibu yake nikachukua kadi.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Nilipita Beni na kiuno chepesi, hakuna aliyetusimamisha. Kwenye kile chumba cha viti laini nilikula mara tatu, bila njaa, kwa nia tu ya kurudisha ada yao. Niliporudi karani alinionyesha hesabu ya pointi. Ulibaki ununuzi mmoja. Siku hiyo hiyo mume wangu akaenda kuomba pasipoti, na ilipotoka akaifunika kwa karatasi kama daftari la mtoto wa shule.

Asubuhi ya safari ya pili nilimkuta anakunja noti zake kwenye nailoni.

"Ile ya nini tena?" nilimwuliza. "Hatuko na kitu cha kuficha."

"Carte ni muzuri," alisema. "Lakini itaongea na bale batu ya mu pori?"

"Bale batu, ni weye unabalisha. Unabapatia, banarudia. Pesa yako njo inageuka masasi ya bunduki."

"Mama batoto, miye niko nanunua njia tu."

Nilimpokonya. Ndiyo hiyo sehemu ambayo watoto hawaijui. Nilimpiga mkono, noti zikaanguka, nikaziokota na kuzisukumia chini ya kopo la chumvi jikoni. Nikamwambia kwamba hii ni mara yake ya mwisho kurudi peke yake kutoka mpakani, safari ijayo tunapanda ndege wote wawili, na sitaki kusafiri na mtu anayelipa kodi kwa wauaji. Alifunga kifungo cha mfuko mtupu na kutoka nje kuita gari. Nilikuwa na haki katika niliyosema, na mpaka leo naamini nilikuwa na haki.

Tulikuwa tumeiacha Beni nyuma, saa nne asubuhi, jua kali. Walitoka kwenye mashamba ya kakao, wanane, wengine na bunduki, wengine na mapanga. Dereva alisimama kwa sababu risasi ilikuwa imeingia kwenye kioo na kumpasua sikio. Tulishushwa sote sita na kulazwa kifudifudi barabarani, kisha tukaitwa mmoja mmoja. Dereva alitoa zake, damu inamtiririkia shingoni. Mama mmoja muuza mawese alitoa zake kutoka kwenye nywele. Mtu wa tatu alichelewa kidogo kufungua begi, wakamvunja meno kwa kitako cha bunduki.

"Weye, papa. Na huyu commerçante wako. Pesa iko wapi?"

Mkono wa mume wangu ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa kushoto. Alifungua kifungo, akaingiza vidole viwili, akakumbuka. Akaniangalia. Hayakuwa macho ya kunilaumu, na heri yangekuwa hivyo.

"Bandugu, leo siko na kitu," alisema. "Ni miye nilisahau ku nyumba."

"Mutu wa Butembo anaenda kununua bintu bila pesa? Munatucheka."

Walinivua kitenge, wakanipapasa kiunoni, hawakupata mkanda. Hapo ndipo hasira zao zilipowaka, maana kila mtu anajua mwanamke wa Butembo hapiti pale na kiuno kitupu. Nikafanya kosa la pili. Nilitoa kadi.

"Pesa yote iko benki," nikasema. "Angalia, ni hii carte."

Mwenye panga aliigeuza huku na huku. "Hii tutakula namna gani?" aliuliza, na nadhani aliuliza kweli. Akaniangushia miguuni, akageuka, akampiga mume wangu panga kati ya shingo na bega. Alipopiga mara ya pili panga lilikwama kwenye mfupa, ikabidi amkanyage kifuani kulichomoa. Nilimrukia yule mwenye panga. Nilimng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya damu yake, na kama wasingenipiga kichwani ningeendelea kung'ata. Kisha zikasikika risasi za askari kwa mbali, na wale wanane wakaingia tena kwenye kakao.

Motard, dereva wa pikipiki aliyekuwa anapita, alikubali kutubeba. Mume wangu tulimweka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kitenge changu nimekisukumia chote ndani ya jeraha. Damu yake ilinijaa mapajani, ikaingia kwenye viatu. Tulipoingia Mulekera, nyumba za kwanza za Beni, alisema kitu. Niliinama.

"Carte iko?"

"Iko, papa."

"Bon," alisema. Motard aliongeza mwendo mpaka hospitali, lakini mimi nilijua tangu pale Mulekera.

Baada ya matanga nilikwenda benki kuuliza habari ya bima. Yule karani alikuwa amekuja kwetu msibani, alikaa na wanaume siku mbili, sikatai. Alisoma karatasi zake, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mama, assurance inalipa tu kama transport mulilipa na carte. Tena zone ya vita haiko ndani." Nilishika tai yake nyekundu na kumvuta mpaka paji la uso likagonga meza. Nikamgonga tena. Mlinzi alinitoa nje kwa nguvu, nami nilimtukana barabara nzima.

Lakini pesa za wenzangu zilikuwa bado zinasubiri viatu. Miezi mitatu baadaye nilisafiri. Nilitoa zile noti chini ya kopo la chumvi, bado zimekunjwa kwa mikunjo yake, nikazitia kifuani. Kadi niliishona ndani ya pindo la kitenge. Walitusimamisha kwenye barabara ile ile, nikazitoa kwa mikono miwili, macho chini, nikapita. Nilinunua mzigo wote kwa kadi.

Niliporudi karani alinipigia simu. Nilimkuta ofisini, na kovu dogo juu ya nyusi.

"Points zimetimia, Mama," alisema. "Billet ya mwenzako iko. Tuandike jina ya nani?"

Nilitoa pasipoti kwenye begi, nikaiweka mezani. Bado ilikuwa na jalada lake la karatasi. Aliifungua, akaona picha, akaifunga.

"Mama, papa si alishakufa? Nilikuya ku matanga."

"Andika."

Aliandika jina lote, herufi moja moja, akiugeukia tena ukurasa wa pasipoti asikosee.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza: kadi inafaa. Ilipeni ada yao, kuleni chakula chao, na msitoke nyumbani bila pesa ya njia. Mimi nilisafiri tena mwezi uliopita. Kiti cha dirishani, kando yangu, hakikuwa na mtu, na kila abiria aliyetaka kukikalia nilimwambia kina mwenyewe.