Ile picha ya freni, muondoe malaiki yenu

Ile picha ya freni niliweka hapa mtandaoni saa sita, muondoe malaiki yenu yote, vile vidole vya kusifu.

Ni gari ya zamani ya kanisa, jipu, ile Papa Elisha anaendeshaka. Nilimubadilishia plaketi za freni za nyuma, vile vibao vinabanaka gurudumu, mupya kabisa, zimetoka Mbarara.

Sasa, ukimaliza kazi ile, lazima ukanyage pedali mara mingi kwanza, gari ikiwa imesimama. Bila vile, mara ya kwanza freni haishiki.

Mimi sikukanyaga.
Nilikuwa napiga picha, juu ya kuwafurahisha nyinyi.

Papa Elisha akawasha, akateremuka polepole kuelekea soko. Akakanyaga freni, mguu ukaenda mupaka chini. Jipu ikaingia ndani ya meza ya Mama Furaha. Nyanya zote chini! Hakuna mutu aliumia, Mungu asifiwe.

Nikakimbia pale, nikafungua kinywa niseme.

Lakini muzee alikuwa amekwisha kushuka, kofia mukononi. “Bamama, munisamehe. Ni miguu yangu. Imezeeka.”

Na mimi? Nikainama, nikaanza kuokota nyanya.

Kisha akanipatia funguo. “Mwanangu, upelekee pasta. Mimi sitaendesha tena.”

Muzee mwenye anapelekaka wagonjwa wetu Mbarara, hata mama yangu!

Funguo ziko hapa mezani, naziangalia. Papa Elisha hafikaki huku mtandaoni, njo maana huku niko jasiri.

Munitukane nyinyi kwanza, nizoee. Halafu niende kwake.