Wavu wa Kina Adhiambo

Kuna harufu moja ambayo wauzaji wa soko la Migori huificha kwa ustadi, lakini mimi huitambua kabla sijafika mezani. Ni harufu ya omena, dagaa wa ziwani, iliyonyeshewa ikiwa nusu kavu, kisha ikaanikwa tena kesho yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Omena iliyokaushwa na jua moja hunukia ziwa. Iliyonyeshewa ina ukali fulani unaokuja nyuma, kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni. Muuzaji huapa kwamba imetoka Sori asubuhi hii hii. Mimi hutabasamu, nikasonga meza ya pili. Lakini harufu hiyo hunifuata hadi kazini redioni, na siku nzima huwa nina wivu ambao sijui nimwonee nani.

Zamani nilijua. Nilimwonea Adhiambo.

Nilizaliwa Sori, ufukoni mwa ziwa, siku ya mvua, ndiyo maana nikaitwa Akoth. Mama alikuwa mkausha omena. Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni hii: unatandaza wavu mkuukuu mchangani, unamwaga omena juu yake, unaigeuza jua likipanda, na unalinda mbuzi, kuku na ndege aina zote. Mvua ikija, wavu hukunjwa upesi na kufunikwa nailoni. Hapo ndipo penye siri. Wavu haukunjwi na mtu mmoja. Ukivuta pembe moja, omena yote huteleza upande wa pili na kumwagika mchangani. Watu wawili hushika pembe, huinua pamoja, huenda wakikutana katikati kama wanaokunja shuka. Mama alikuwa akisema, "Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na haukunji wavu." Mikono yake ya pili ilikuwa mimi. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia shule.

Wavu wa kina Adhiambo ulikuwa karibu na wetu. Adhiambo alikuwa rika langu. Mwaka mmoja mamake aliugua akalazwa hospitali kule Homa Bay, baba yake akiwa naye huko, na dadake mkubwa alikuwa ameolewa Kisegi. Adhiambo akabaki na mdogo wake wa kiume, akawa anambeba mgongoni tangu asubuhi mpaka jua lizame, hata nikawa nikimwona bila mtoto nadhani amesahau nguo. Jirani mwingine aliyetoka ziwani aliwamwagia omena kwenye wavu wa mama yao, ili wasikose chochote.

Mama akaanza kuwaita kwetu kula. Hilo nililivumilia. Kisha nikaona kile kipande cha tumbo la samaki ngege, chenye mafuta, ambacho siku zote kilikuwa changu, kimetua kwenye sahani ya Adhiambo. Nikavumilia, ila nilikitazama mpaka kikaisha. Jumamosi moja nikatoka kuteka maji nikamkuta ameketi chini kati ya magoti ya mama, anasukwa. Pale palikuwa mahali pangu. Nilijua mama anavyobana kichwa kwa magoti ukijitikisa, na namna vidole vyake vinavyonuka samaki na mafuta ya nywele. Na nikamsikia akimwambia, "Tulia, nyara." Nyara, binti yangu. Mama alikuwa na binti mmoja tu, naye alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani.

Tangu siku hiyo niligeuka mpelelezi. Nilichunguza nani kapewa nini kwanza, nani kaitwa kwa sauti gani. Kama ningelipwa kwa kazi ile, ningekuwa tajiri wa Nyatike.

Omena ya juma lile ilikuwa na maana kubwa kwangu. Kwaya ya watoto wa kanisa letu ilikuwa inakwenda kuimba Homa Bay, na mama alikuwa ameahidi kwamba omena ile ndiyo itakuwa viatu vyangu, vyeusi, vya ngozi, vyenye kifungo pembeni. Nililinda wavu ule kama anayelinda ng'ombe wa mahari.

Mvua ya ziwa haibishi hodi. Mchana huo jua lilikuwa kali, kisha upepo ukageuka, maji yakawa na rangi ya risasi, na mtu akapaza sauti, "Koth biro!" Mvua inakuja. Wanawake waliokuwa karibu na banda la mabati walikunja nyavu zao wakajibanza chini yake. Mama alikuwa kule bandani. Nilishika pembe yangu nikamsubiri. Nilimwona akitoka mbio, leso imemfunguka kiunoni, na nikainua pembe kabisa, tayari.

Akanipita.

"Akoth, anza na hiyo!" alisema bila kugeuka, akaenda moja kwa moja kwa wavu wa kina Adhiambo. Adhiambo alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, amepigwa butwaa. "Wewe kaa hapo na mtoto," mama akamwambia, akashika pembe.

Sasa sikiliza kilichotokea bandani, maana nilikuwa karibu na nilisikia vizuri. Kabla mama hajatoka, wale wanawake walikuwa wakisema, "Huyo mtoto si ako na dadake?" "Dadake ameolewa Kisegi." "Basi mtu ataenda." Kila mmoja alikuwa akimngojea huyo mtu. Mama alipoinama tu, wakatoka wawili, watatu, mke wa mchungaji na Mama Pendo muuza chai, hata Baba Ouma aliyekuwa akiziba mashua akaacha nyundo. Wote wakaenda kwa Adhiambo. Mmoja alinitazama, akasita. Mwenzake akamvuta mkono. "Huyo ako na mamake."

Nilikuwa na mama, kwa hiyo sikuwa na mtu.

Nilivuta peke yangu. Nilivuta pembe hii, omena ikateleza kule. Nikakimbilia kule, ikarudi huku. Nilipanda juu ya wavu, nikalala kifudifudi, nikajaribu kuifunika kwa mwili. Mvua ilinikuta hapo, nalia kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia kwa sababu ya mabati. Wavu wa kina Adhiambo ulikuwa chini ya nailoni, mkavu, umezungukwa na watu kama bibi harusi.

Mama alikuja akatazama, akachota omena kiganjani, akainusa. "Nusu imepona," alisema. "Umefanya vizuri." Maneno hayo yaliniudhi kuliko fimbo. Nusu nyingine iliuzwa ikawa chakula cha kuku. Homa Bay niliimba nikiwa na champali, nimejificha mstari wa nyuma, nikitazama visigino vya wenzangu.

Sikuweza kumwuliza mama kwanza, kwa hiyo nikaanza kuwauliza wengine. Labda ndipo kazi yangu ya kuhoji watu redioni ilipoanzia. Mama Pendo alikuwa akimimina chai. "Kwa nini nilimsaidia? Kesho ni mimi, mwanangu. Nikilazwa, nani atanichemshia maji?" Mke wa mchungaji alisema Mungu anaona. Niliwaza, na sikusema, kwamba mama aliona mapema kidogo kuliko Mungu wa mke wa mchungaji. Baba Ouma alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mimi? Ni mamako aliniangalia."

"Alikuangalia vipi?"

"Vile anaangalianga mbuzi kwenye omena. Ungekuwa wewe ungebaki umesimama?"

Mwishowe nikamfikia mama mwenyewe. Ilikuwa jioni, tunakusanya omena kavu. Nikasema, "Mama, kwa nini ulikimbilia ya kwao ukaacha yetu?" Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila jibu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Akoth," akasema, "shika upande ule."

Hilo ndilo nililopata. Nilikasirika miaka.

Mwaka jana, msimu wa mvua, nilikwenda Sori kumwona. Amezeeka, lakini bado hutandaza kawavu kadogo kwa ukaidi tu. Wavu unaofuata ni wa Adhiambo, ambaye hakuhama kamwe, naye humwita mama yangu "mama" bila kuomba ruhusa ya mtu, na binti yake humwita dani, yaani nyanya. Wivu wangu ulikaa wima kama mbwa aliyesikia jina lake. Tulipokuwa tunakunywa chai nje, nikaamua kuutoa kama utani.

"Adhi, unajua nilikuwa nakuchukia?"

"Na mimi je?" akajibu papo hapo. "Ile siku ya mvua nilikuchukia mpaka tumbo likauma."

"Wewe? Si wewe ndiwe ulisaidiwa?"

"Ndiyo hiyo. Nimeambiwa nikae. Watu wazima wamenizunguka kama matanga, na mamangu hajafa. Nikakuangalia wewe uko na wavu mzima, peke yako. Nikasema, huyo anaaminiwa."

"Nilikuwa nalia, Adhi."

"Kwani mimi nilikuwa nacheka?"

Mama alikuwa pale, anapuliza chai yake, anajifanya kiziwi.

Nilikuwa nimeamini kwamba msaada ni kipimo cha pendo, na anayepewa zaidi ndiye anayependwa zaidi. Mama hakuwa akipima chochote. Alitazama ni wavu upi hauna mikono, na akahesabu mikono yangu kuwa yake. Ungeniambia hivyo nikiwa na champali zangu Homa Bay, nisingekusamehe, na hata sasa kipande kile cha ngege sijakisamehe vizuri.

Kisha upepo ukageuka. Adhiambo aliweka kikombe chini, akatoka mbio, akaupita wavu wake mwenyewe na kwenda kwenye ule wa mama, ambaye tayari alikuwa ameinuka taratibu akashika pembe. Binti wa Adhiambo, mdogo bado, alibaki kwenye wavu wao, ameinua pembe moja, akimtazama mamake akimpita. Uso ule niliujua. Niliwahi kuuvaa.

Nilikimbia na viatu vyangu vya kazini, vyeusi, vya ngozi, vikajaa mchanga. Nilimpita mama. Nilihisi akinitazama mgongoni.

Nikashika pembe. Mtoto akanikodolea macho.

"Auntie, kwa nini huendi ya dani? Si ni mamako?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na majibu ya Sori nzima, niliyoyakusanya tangu utotoni. Tone la kwanza likanipiga mkononi.

"Shika upande ule," nikamwambia.