Bia za shemeji kwenye friji ya dawa ya mama

Leo nimemshusha shemeji yangu Chimala, na sijutii.

Tulitoka Iringa asubuhi na gari langu: mimi, mama, na yeye, mume wa dada yangu. Tunakwenda harusini Chunya. Mama ana sukari, na joto la Chunya mnalijua. Ndiyo maana nilinunua friji ndogo ya gari, kwa ajili ya insulini yake tu.

Chimala tukasimama tule. Nafungua friji nimchome mama sindano kabla ya chakula, nakuta bia. Friji nzima ni bia.

"Shem, dawa ya mama iko wapi?"

"Nimeiweka kwenye buti. Kwani dawa inaoza kama nyama?"

Niliikuta pembeni ya jeki, imepata moto kama chai.

Nikazitoa bia zote, nikazipanga miguuni pake, watu wa mgahawani wanatazama. Nikamwambia atafute basi.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni mama. Tulipofika Mbeya kununua dawa nyingine, akasema taratibu, "Nilimwona akiitoa, pale Makambako."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Yule ni mkwe wangu. Ningemwambiaje?"

Yaani mama yangu alikuwa radhi augue kuliko kumsema mkwe.

Dada amenipigia sasa hivi, anafoka. Anasema nimemuaibisha mume wake mbele za watu.

Kama nimekosea niambieni. Maana dada hajauliza hata mama anaendeleaje.