Mama Pindo na Mawe ya Kilomita

Ulimi ndio uliomponza Mama Pindo. Alikuwa fundi cherehani, mama wa miaka hamsini na minne, na majoho yote ya kwaya ya kanisa lao yalipita mikononi mwake. Jina hilo walimpa wanakwaya, kwa sababu hakuweza kumsalimia mtu kabla hajamkagua pindo la nguo. Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, alisimama akaeleza kwamba dada yake, mwalimu wa kwaya katika mji wa mbali, amejifungia ndani tangu amzike mumewe. Kanisani haendi, simu hapokei.

"Na mimi basi siliwezi," akasema, na wote walijua ni kweli, maana akipanda basi hutapika kabla dereva hajawasha injini. "Lakini kwa imani nitafika kwa dada yangu, hata kwa baiskeli!"

Alikuwa anasema tu. Lakini kanisa zima liliitikia amina kwa kishindo, na Jumapili iliyofuata mchungaji akamwombea "dada yetu anayejiandaa kwa safari ya baiskeli." Katikati ya maombi Mama Pindo alifumbua jicho moja. Baiskeli yenyewe hakujua kuiendesha.

"Kilomita mia moja na arobaini," mumewe alimwambia walipofika nyumbani. Alikuwa karani mstaafu wa posta, mtu asiyependa makadirio. "Kawaambie uliteleza ulimi."

"Niwaambie Roho Mtakatifu aliteleza?"

"Roho hakutaja baiskeli, mke wangu. Uliyetaja ni wewe."

Mlinzi wa kanisa alimfundisha kwa wiki tatu kwenye uwanja wa nyuma. Akajifunza kwenda mbele, kukata kona na kupiga kengele, hiyo kengele kwa ustadi mkubwa. Kilichomshinda ni kupanda na kushuka. Baiskeli ilikuwa ya mumewe, ndefu, yenye bomba la juu, na yeye miguu ni mifupi. Alijishonea suruali pana, lakini suruali haiongezi mguu. Bila ngazi au jiwe la kukanyagia hakuweza kupanda. Na akishapanda, bila jiwe hakuweza kushuka, labda aanguke.

Siku ya safari alipandia kwenye ngazi za kanisa huku kwaya ikimwimbia. Mumewe alikimbia pembeni yake hatua kama kumi.

"Breki ya nyuma haishiki vizuri!"

"Mungu atashika!"

"Na wewe ushike!"

Siku zote Mama Pindo alidhani imani ni joto fulani la kifuani, linalokuja pale kwaya inapoimba vizuri. Ilipofika saa nne asubuhi joto lilikuwa limehamia magotini, na kifuani hapakuwa na kitu ila pumzi inayokwenda mbio. Aliinua macho kuitazama milima, kama alivyofundishwa tangu utotoni, akaingia mtaroni. Alipojikung'uta vumbi aliamua kwamba kwa siku hiyo Bwana angemsamehe akitazama tairi la mbele.

Akagundua mawe ya kilomita. Yalikuwa meupe, yamesimama kando ya barabara, urefu wake unafika gotini. Akilikaribia jiwe polepole na kuliwekea mguu wa kushoto, alisimama vizuri kabisa, akanywa maji, kisha akapandia hapo hapo. Basi akawa anakwenda hivyo, jiwe hadi jiwe. Nyumba ya dada yake ilikuwa mbali mno, hata kuitumainia kulimchosha. Alichotumaini ni jiwe. "Bwana, nipe lile moja tu," aliomba, na akilifikia alishukuru kwa sauti, halafu kwa haya kidogo akaomba la pili.

Jiwe moja alikuta limekaliwa. Mzee mmoja alikuwa amelikalia, anajipepea kwa kofia, na Mama Pindo anakuja, breki ya nyuma haishiki, anapiga kengele kama moto umewaka.

"Baba, toka! Hilo jiwe langu!"

Mzee aliruka pembeni. Mama Pindo akakanyaga jiwe, akasimama, akaanza kuomba radhi.

"Usijali, mama," mzee akasema akiokota kofia yake. "Sikuona jina lako."

Usiku alilala kwa mke wa mchungaji wa kijiji cha njiani, ambaye alimkanda magoti. Kesho yake, mchana, tairi likapata pancha. Bahati nzuri fundi baiskeli hakuwa mbali. Mama Pindo alifungua mzigo kwenye keria, akatoa Biblia, kitabu cha nyimbo, magauni matano na joho jipya la dada mtu.

"Pampu iko wapi, mama?"

"Sina. Nilitoka kwa imani."

Fundi aliyahesabu magauni kwa kidole. "Na magauni matano?"

Mama Pindo aliyarudisha magauni kwenye mzigo. Jambo hilo lilimchoma kilomita nyingi baadaye: kwamba alimwachia Mungu pampu, lakini magauni hakumwachia.

Siku ya tatu, jioni, aliingia kwa dada yake. Ua ulikuwa mpana, umefagiwa, hauna hata kokoto. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili, kengele ikilia.

"Dada! Dada, toka! Leta kigoda!"

Dirisha likafunguka. Dada mtu alichungulia, uso umemvimba kwa usingizi wa mwaka mzima. "Mdogo wangu? Umekuja na nini hicho?"

"Kigoda, dada! Naanguka!"

Mwanamke ambaye majirani walisema hana nguvu za kufika mlangoni alitoka mbio, kanga imemdondoka, kigoda kichwani. Alikiweka chini vibaya. Wakaanguka wote watatu, wao na baiskeli, na pale chini dada mtu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka kicheko tena. Mama Pindo alimshika tu. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka, na hakuyatafuta.

Siku zilizofuata walipika, wakasengenya kidogo, wakamlia shemeji kidogo. Jumapili dada alikubali kwenda kanisani, kwa sharti kwamba hataimba. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, joho jipya amelipakata kwenye mfuko, mdomo ameubana. Kinanda cha kanisa hilo alikuwa akikipiga marehemu mumewe. Sasa alikipiga kijana wa benki, kwa haraka, kama anayewahi kufunga dirisha la wateja.

Mama Pindo aliogopa kumtazama. Alimsikia akivuta pumzi, akajiandaa kutoa leso.

"Wimbo gani huo anaupiga?" dada mtu akanong'ona.

"Ule ule wa siku zote, dada."

"Si huo. Na hao sauti ya tatu, nani aliwafundisha kuita mbuzi?" Aliinama mbele, macho makali, kidole kikipiga mapigo kwenye goti. "Mazoezi bado ni Alhamisi?"

"Sijui, dada. Mimi mgeni."

"Muulize yule mama wa mbele. Muulize sasa hivi, kabla hawajaharibu na ubeti wa tatu."