Chapuchapu Atafuta wa Kumwachia Chumba

Saluni nzima walimwita Chapuchapu, kwa sababu alimaliza kusuka kichwa kabla mteja hajamaliza umbea wake. Kwao alitoka msichana, akaja ughaibuni kusukia kwenye kiti cha watu, na miaka ikapita asijue imepitia wapi. Alipanga chumba chenye jiko dogo, ghorofa ya juu kabisa, ngazi zake ukizipanda na mzigo lazima umkumbuke Mungu.

Mwenye nyumba aliishi chini. Alikuwa mzee mgane, dereva wa treni aliyestaafu, na wapangaji walimwita Mzee Funguo kwa ule mlio wa funguo kiunoni kwake alipotembea. Hakuwa mtu mbaya, ila neno "hapana" lilikuwa jepesi mdomoni mwake kuliko salamu.

Siku moja mdogo wake Chapuchapu alimpigia simu kutoka nyumbani.

"Dada, lile duka la kona limebaki wazi."

Chapuchapu hakuuliza duka lipi. Walilipita kila siku wakienda shule, wakigombania nani atasukia karibu na dirisha siku watakapokuwa na saluni yao.

"Mwenyewe atatusubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao," mdogo wake akaendelea. "Baada ya hapo anampa muuza vipuri."

"Mwambie muuza vipuri atafute kona nyingine. Nakuja."

Kusema ni rahisi. Mkataba wake wa kupanga alikuwa ameuhuisha juzijuzi tu, mwaka mzima. Akiondoka hivihivi angedaiwa kodi ya miezi yote iliyobaki, na akiba ya kununulia viti na vioo ingeishia hapo. Akashuka kwa Mzee Funguo.

"Mzee wangu, nataka kurudi kwetu."

"Mkataba unaisha mwakani, binti."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako kabla sijafunga mizigo. Nikikuletea mtu wa kushika nafasi yangu, kodi isikukose hata mwezi mmoja, utaniachia?"

Mzee akajikuna kidevu. "Mlete nimwone. Lakini mimi sikaribishi kila apitaye."

Chapuchapu akajifunga kibwebwe. Msusi hakosi watu, na anayekalia kiti chake kutwa nzima husema mpaka asichoulizwa. Akaanza kuuliza kila kichwa kilichopita mikononi mwake: wewe unakaa wapi, unapapenda? Akampeleka mwanafunzi mmoja. Mzee akaona begi la gitaa mgongoni, akasema hapana. Akapeleka maharusi wapya. Wakaanza kugombana kwenye ngazi kitanda kikae wapi, Mzee akawasikia, hapana. Akapeleka karani mpole asiyenyanyua macho, akadhani amepata. Mzee akasema mtu mkimya namna ile ana jambo.

"Na mimi si mkimya?" Chapuchapu akauliza.

"Wewe nimekuzoea."

Jioni ile alikaa kitandani akaona siku zinamkimbia. Alijiuliza kama mzee anatafuta mpangaji kweli au anatafuta sababu.

Kesho yake alikaa kitini mwake dereva wa basi la shule, mama wa makamo mwenye kicheko cha kufika barabarani. Alikuwa akilala sebuleni kwa shemeji yake, kwenye kochi, na shemeji alikuwa ameanza kulitazama kochi kwa huruma. Chapuchapu hakungoja hata nywele zikauke. Wakaenda pamoja.

Kwenye ngazi yule mama akasimama. "Mbona giza?"

"Balbu iliungua," akasema Mzee Funguo, aliyekuwa mbele.

"Lini?"

Mzee akaendelea kupanda. Chapuchapu alikuwa akipapasa ukuta ule tangu mwaka juzi.

"Naambiwa uliendesha treni," yule mama akasema. "Ulikuwa ukiingia kwenye mahandaki bila taa?"

Mzee akageuka, uso ameukunja. "Huyu ana mdomo. Hapana."

Hapo Chapuchapu akapanda ngazi moja zaidi, akasimama uso kwa uso na mzee. Miaka yote alikuwa mpangaji wa ndiyo mzee, sawa mzee.

"Mzee wangu," akasema, bila kupandisha sauti, "uliniambia nilete mtu. Nimeleta, na kila mmoja umemtoa dosari. Mimi nimeuheshimu mkataba wako. Na wewe liheshimu neno lako. Huyu ana kazi, kodi atalipa, na alivyosema kuhusu taa ni kweli. Kama ana kosa lingine, liseme hapahapa anasikia."

Kisha mzee akatoa sauti ya ajabu, na Chapuchapu akachelewa kutambua kuwa anacheka.

"Mahandaki," akarudia, akijipangusa macho. "Atanisumbua huyu."

"Sana," akasema Chapuchapu.

"Basi la shule ni la breki gani?" mzee akamuuliza yule mama, na wakapanda wakibishana breki mpaka juu, wamemsahau mwenye chumba nyuma yao.

Mkataba mpya ulisainiwa wiki hiyohiyo, wa zamani ukafutwa mbele ya Chapuchapu. Siku ya kukabidhi, mzee alikagua kuta, bomba na dirisha, akakosa pa kukosoa, akamrudishia yote amana aliyoiweka alipoingia. Alimshika mkono akakawia kuuachia.

Chapuchapu alifika kwao duka likiwa bado linangoja. Yeye na mdogo wake walipaka kuta rangi wenyewe, wakagombania tena upande wa dirisha, na safari hii mkubwa akashinda. Asubuhi ya kufungua, wateja walijaa mpaka barazani, wengine wamesimama. Mama yao alipita katikati yao wote bila kuomba njia, akaketi kiti cha dirishani, akavua kilemba.

"Anza na mimi," akasema. "Na usiniharakishe."