Vioo Viwili na Pumzi ya Seremala

Miaka ile ya siasa, kabla ya uhuru, watu wa vyama viwili pale Wete walikuwa hawazikani. Nilifundisha sayansi, na nilichosema darasani kilichambuliwa jioni barazani: huyu ana maana gani?

Rafiki yangu aliyesoma ng'ambo aliniandikia jambo lililonivutia. Vibamba viwili vikikaribiana mno, hata pasipo hewa katikati, huvutana, kwa sababu utupu wenyewe hautulii; una mtikisiko usiokwisha. Nguvu hiyo ni ndogo ajabu, na hubadilika kwa kile vibamba vilichoundwa nacho: kioo kitupu, madini, au kioo kilichopakwa madini. Niliwaeleza wanafunzi taratibu, kisha nikabana vipande viwili vya kioo. Nilipoinua cha juu, cha chini kilifuata.

Kesho yake seremala mmoja, wa chama kisichokuwa changu, alipiga hodi. Bintiye, hodari wa hesabu kuliko wote darasani, tayari alikuwa amezuiwa naye nyumbani asije shule.

"Mwalimu, miaka ishirini naunga mbao. Pasipo gundi hapagandi. Ama umetia gundi, ama umefungia kiumbe humo."

Nikampa vioo. Akavipangusa kwa kanzu, akavisomea Ayatul Kursiy, akavipulizia kama apuliziwavyo mtoto mwenye homa, ili kilichomo kitoke. Akavibana. Vikashika kuliko jana, hata hakuweza kuvibandua. Akaviweka mezani polepole, akatazama mlango.

Ningenyamaza, angeondoka na hofu yake, na bintiye asingerudi.

"Mzee, hiyo ni pumzi yako. Ina maji, na maji hunata. Siyo nguvu niliyoisema."

Tukavitelezesha vikaachana, tukavianika juani. Vilipokauka nikavibana tena. Vikashika kidogo, kisha kimoja kikaangukia mkekani.

"Huko kushika kidogo ndiyo nguvu yako uliyoisema?" akauliza.

Nilikumbuka jasho la vidole vyangu jana yake.

"Sijui, mzee. Huenda ni unyevu uliobaki. Hata mimi nashuku."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Mwezi mzima barazani nakushuku, kumbe na mwenyewe wajishuku."

Asubuhi binti alikuja na vibao viwili vya mfenesi, baba yake amevipiga randa hadi vinang'aa. Alisema nijaribu na hivyo, na nisivipulizie.