Hedifoni za Kutafutia Pete

Pete yangu ya ndoa ilinichomoka shambani Uwemba, siku ya kuvuna viazi, na mke wangu sikumwambia. Zilibaki wiki mbili tumshukuru Mungu kanisani kwa miaka ishirini na tano ya ndoa, na mchungaji angetaka kuziona pete zote mbili. Nyumbani nikawa navaa glavu za sufu. Baridi ya Njombe humsitiri mtu, hakuna aliyeniuliza.

Niliazima detekta, mashine inayolia ikipita juu ya chuma au dhahabu, kwa rafiki yangu aliyewahi kuhangaikia dhahabu Chunya, akarudi kutoka huko na mashine tu. Haikuwa na hedifoni. Nikaona si neno, ina spika yake. Ilipolia mara ya kwanza, majirani wawili wakaja na majembe. Huku kwetu ukionekana shambani na mashine ya namna ile, basi unatafuta mali waliyofukia Wajerumani, na wenzako wanataka fungu lao. Tulichimbua msumari mmoja, tukautazama wote watatu kwa huzuni.

Nikaenda mjini kununua hedifoni za simu, nene, laini. Pini yake ilikuwa nyembamba na tundu la detekta pana, nikaongeza adapta. Sauti ikaja sikio la kushoto peke yake, na hilo ndilo lililoharibiwa na mashine ya kusaga niliyoisimamia ujanani. Nilitembea matuta sita nikidhani shamba zima halina hata kizibo cha soda.

Nikapanda gari na detekta yangu hadi Makambako kwa fundi redio. Aliniamkia kwa heshima, kisha akanicheka bila heshima. Akanieleza kwamba detekta inatoa sauti ya njia moja, hedifoni zangu zinataka njia mbili, ndiyo maana sikio moja linalala njaa. Akanitolea hedifoni kuukuu za studio, zenye pini nene na kitufe cha sauti pembeni, akaunganisha nyaya ili sauti ije pande zote. Akanivisha, akapitisha detekta juu ya koleo lake, nikaruka.

Ijumaa nikaingia shambani. Ziliziba masikio barabara, hata upepo sikuusikia. Kila zilipolia nilichimba: kizibo, betri, kipande cha jembe. Hadi mchana moyo ulikuwa umeniisha, nikaanza kumwomba Mungu, kimyakimya, anipatie pete kabla mke wangu hajajua.

Kimyakimya kwa masikio yangu. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa nyuma yangu, na majirani wamejipanga kwenye ua wanasikiliza sala. Nikavua hedifoni.

"Baba, wamekusikia mpaka barabarani," akasema.

Akafungua fundo la kitenge, akatoa pete. Aliikuta kwenye ndoo ya viazi, jioni ileile ya mavuno. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizo.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nioe. Nikavua glavu, nikanyoosha kidole. Akaifunga tena pete kwenye fundo, akatangulia nyumbani.